Kitenge cha Chama Kilivyopanda Jukwaani

Nilikwenda Dodoma kumtoa binti yangu kwenye mashindano ya urembo. Naanza na hilo kwa sababu tangu nirudi nimeshasikia habari za safari yangu kutoka kwa watu ambao siku hiyo hawakutoka hata kijijini. Wako wanaosema nilimburuta mtoto mbele ya wakubwa. Wako wanaosema nilinyang'anya maikrofoni nikahubiri. Jamani, aliyekwenda ni mimi, basi niacheni nisimulie mwenyewe.

Habari zilinikuta mashineni. Tulikuwa kwenye foleni ya kusaga, mashine imezimwa ipoe, na mwenye mashine akafungulia redio, moja ya hizi redio mpya za watu binafsi ambazo watangazaji wake wanacheka tangu asubuhi hata sijui wanamcheka nani. Mtangazaji akawataja wasichana watakaoshindana mjini Jumamosi. Akamtaja Nyemo, akataja jina la baba yake, akataja na kijiji chetu. Foleni nzima ikageuka kunitazama. Mimi mwanangu nilimpeleka Dodoma kusoma ukarani, akae kwa mdogo wangu Raheli, ajifunze kupiga taipu. Urembo haukuwamo katika maombi tuliyomwombea siku anaondoka.

Na mimi kanisani si mtu wa benchi la nyuma. Ni mwenyekiti wa chama cha akina mama. Jioni ileile wakaja nyumbani wakiongozwa na Mama Eliezeri, mweka hazina wetu, bibi ambaye akikohoa tu ibadani hata vitoto vichanga vinanyamaza. Nilijua nitagombezwa. Wala. Aliniwekea mapajani kitenge kipya cha chama, kile cha samawati chenye mizabibu, akasema, "Kamfunike, umlete. Jumapili tumwone hapa." Nikaitika mbele yao wote kwamba nitamleta. Walipoondoka, mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa na maneno yake huwa machache, akaniambia nimlete, ila nisimwaibishe mtoto.

Mambo hayo mawili niliyabeba yote, na la tatu sikumwambia mtu. Mtangazaji alipotaja jina la Nyemo, kabla aibu haijafika, nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kufumba na kufumbua, nikaikemea ikaondoka. Ila ilikuwapo.

Ijumaa alfajiri nilipanda lori la mbuzi kwenda mnadani. Ulikuwa mwezi wa nane, upepo wa baridi unapiga, na dereva, kijana wa Kondoa mwenye adabu, akaniambia, "Shikamoo mama, pita mbele, huko nyuma wenyewe wanasukumana." Nikakaa na kikapu changu cha karanga na mlenda mkavu, kitenge kimekunjwa juu yake. Mpaka Kongwa tulikuwa tunakula vumbi tu. Tulipotokea Mbande na kuingia kwenye lami, dereva akaanza mazungumzo. Aliuliza naendea nini mjini, nikamjibu namfuata binti. Akasema mjini siku hizi kuna kitambaa kikubwa kimetundikwa barabarani chenye picha za warembo, na mmoja wao, mrefu, mweusi, mwenye mwanya, ana shingo ya kifalme hasa.

Mwanya ule ni wangu. Shingo nayo ni ya mama yangu mzazi. Nilitazama dirishani nikawa nahesabu mibuyu, maana ningemtazama dereva angeniona ninavyotabasamu.

Buigiri tulisimama, vijana wakatuletea zabibu kwenye sahani. Dereva akanunua, akanipa shada, akasema la yule binti. Tukapita Chamwino, tukapita Mtumba kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na jua likiwa utosini akanishusha Nzuguni kwa mdogo wangu.

Raheli anapika chai katika ofisi za Bunge, na tangu apate kazi ile anaongea taratibu kama waheshimiwa. Nilimuuliza amenificha kwa nini. Akajibu kwamba alikuwa anasubiri wakati muafaka. Nikamwambia wakati muafaka umefika na umepanda lori la mbuzi. Tukacheka, maana Raheli ni Raheli, huwezi kumnunia muda mrefu. Akanieleza kwamba wasichana wamewekwa kambini kwenye nyumba moja ya wageni, wana mama mlezi mkali, na kumwona ndugu ni dakika chache tu sebuleni.

Jioni tulikwenda. Nyemo aliingia amevaa kanga na ndala, nywele zimesukwa, akapiga magoti, "Shikamoo mama." Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Kongwa, nikajikuta nampa zabibu. Alikula zote. Kisha nikamweleza nilichotumwa, nikamwonyesha na kitenge.

Hakulia wala hakubisha. Aliniambia kwamba alijaribu kwa sababu wenzake chuoni walimwambia msichana wa kijijini hawezi kusimama mbele ya watu, na sasa amegundua anaweza, na anapenda. Akaniambia vilevile kwamba kuna vazi moja litaniuma, la ufukweni. Nikamuuliza ufukwe gani, hapa Dodoma ambapo hata maji ya kunywa tunayatafuta? Raheli akageukia ukutani kucheka. Nyemo akanishika mikono.

"Mama, njoo kesho uone," alisema. "Ukiona haifai, wewe nyanyuka tu. Popote nitakapokuwa nitakufuata, na twende nyumbani."

"Hata ukiwa katikati?"

"Hata nikiwa katikati."

Tukaachana hivyo. Nilisali sana kabla ya kulala, na niseme kweli, sikujua naomba nini. Niliomba asianguke na vile viatu virefu. Halafu nikamwomba Mungu anisamehe kwa kuombea viatu.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya jua kuzama. Nilidhani nitakuta wahuni watupu. Nilikuta makarani, walimu, wanafunzi, akina mama waliovaa mitandio, na mzee mmoja mwenye Biblia kwapani, labda naye ametumwa na chama. Raheli alinipeleka kwenye viti vya mbele. Kitenge nilikipakata.

Mshereheshaji, kijana wa suti nyeupe, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Ukumbi ukaitika. Kufungua, wakaingia akina mama na ngoma zao za muheme, wakazibana magotini, wakapiga. Warembo wakatoka wakicheza kwa mabega. Wengine walikuwa wa kujifunza wiki hii, unawaona. Nyemo alicheza alivyocheza tangu ana meno ya utoto, mabega yanakwenda, shingo imetulia. Miguu yangu ikaanza chini ya kiti. Nikaikanya, ikagoma.

Kisha wakaulizwa maswali. Nyemo aliulizwa uzuri wake umetoka wapi, akajibu kwamba sura ameirithi, hawezi kujisifu kwa kitu alichopewa bure, ila kusimama wima amefundishwa na mama yake. Watu wakapiga makofi. Raheli akanifinya. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, yaende tu.

Basi likaja hilo vazi la ufukweni. Wakatoka mmoja mmoja. Nyemo akatokeza, mabega na mapaja nje. Yule ni mtoto niliyemwogesha mimi. Vijana wa nyuma wakapiga mbinja, na mbinja ile ndiyo iliyoninyanyua. Nilisimama, nikapita mbele ya majaji, nikapanda ngazi za jukwaa na ndala zangu, kitenge mkononi. Mlinzi alinyoosha mkono, akaniangalia usoni, akaurudisha.

Nyemo alisimama palepale. Nilimzungushia kitenge kuanzia kwapani, nikakaza fundo, mizabibu ikashuka hadi chini ya magoti. Shabaha yangu ilikuwa moja, nimfunike, nimshike mkono, tutoke kwa mlango wa mbele.

Lakini sisi watu wa huku tunajuana. Kwaya ikiimba vizuri, bibi harusi akipendeza, mama gani anabaki kitini? Anakwenda kumtunza, anamfunga kanga. Ukumbi mzima ukaona mama anamtunza binti yake. Vigelegele vikapanda mpaka mabati yakaitika, na akina mama wa ngoma, waliokuwa wamekaa pembeni wanakunywa soda, wakarudisha muheme magotini wakapiga. Nilipogeuka nikaona mama mwingine anapanda jukwaani anavua kanga begani, anamfunga mrembo wake. Nyuma yake mwingine. Wakapanda hata wasio na binti pale, wakafunga yeyote waliyemkuta. Mshereheshaji alishika kichwa, kisha akapata akili, akatangaza, "Mabibi na mabwana, hilo ndilo vazi la ufukweni la Dodoma!"

Katika kelele hizo Nyemo akaniinamia. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini mkono wake alikuwa ameshautia ndani ya mkono wangu.

"Twende, mama?" akauliza.

Alimaanisha. Ningepiga hatua moja tu angenifuata, na kila alichojifunza angekiacha pale. Nilitazama ule mkono. Nilikuwa nimekuja kuushika kwa nguvu, nikaukuta umeletwa wenyewe.

"Tembea," nikamwambia. "Malizia kutembea." Nikamwachia.

Nyemo akatembea na kitenge cha chama mpaka mwisho wa jukwaa, akageuka, akanitazama mimi, si majaji, akarudi akicheka na mwanya wake wote. Nilishuka ngazi nikiwa napiga vigelegele, na mtu akiniuliza kama mwenyekiti alipiga vigelegele, mwambieni ndiyo, alipiga.

Alishika nafasi ya tatu. Raheli alisema majaji hawajui kitu, nami nikamwunga mkono kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Zawadi ilikuwa katoni ya sabuni za kuogea. Mama mlezi alimruhusu, na Jumapili alfajiri tukapanda basi la kwanza mpaka Kongwa, tukadandia gari la mchanga mpaka nyumbani, tukaingia kanisani wanaimba. Nyemo alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu na kitenge kilekile. Baba yake, aliyeketi mbele na wazee, aligeuka akamwona, akasahau kufungua kitabu cha nyimbo.

Niliyojifunza hayahitaji mahubiri. Vazi lile silipendi hadi leo, nimemwambia, naye amenisikia. Lakini nimeacha kumwogopea mtoto ambaye katikati ya makofi yote yale alikuwa tayari kuondoka nami. Mtoto huyo hakuwa amepotea, na mimi nilikuwa nimepanda lori kumtafuta.

Baada ya ibada Nyemo aligawa sabuni, kila mama na yake. Mama Eliezeri alikuja wa mwisho. Alishika pindo la kitenge, akalikagua kama anayetafuta lilipochafuka. Akamuuliza mtoto kama ni kweli alisimama na kitenge hicho mbele za watu wote wa Dodoma. Nyemo akapiga magoti akaitika ndiyo, bibi. Yule bibi akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akahakikisha mchungaji ameshaingia ofisini.

"Hebu tembea tuone," akasema.

Nyemo akatembea, kutoka mlango wa kanisa hadi ilipotundikwa kengele. Kabla hajafika, Mama Eliezeri alikuwa ameweka kikapu chini, amekaza kitenge chake kiunoni, anamfuata, shingo juu. Akina mama wakaanza kujipanga nyuma yake. Na mimi mwenyekiti wao ningebaki mlangoni nafanya nini? Nikaingia kwenye mstari.