Mkalimani wa Majina Matupu

Msicheke kwanza. Mkimaliza kicheko hapa mtakosa cha kunichekea mbele, na mbele ndiko kubaya.

Nilikuwa nimetoka Unguja, nilikokuwa nafua nguo za Mwingereza mmoja, na mkewe, kwa kukosa kazi, akaamua kunifundisha Kiingereza. Akaanza na majina: ya pekee, kama Chumbi na Rufiji, ya kawaida, kama mtu na mbuzi, ya makundi, kama jeshi, ya vitu visivyoshikika, kama woga, na yale yasiyohesabika, kama maji na mchele (na hao wenzetu, masikini, mpunga, mchele na wali wanaviita jina moja, sijui mke akiambiwa apike anapika kipi). Kabla hatujafika kwenye maneno ya kutenda, wakahama. Nami nikarudi kwetu Chumbi, mwanachuoni mzima, navaa koti kwenye jua la saa saba.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeshatanda. Watu wa milimani walikuwa wanakunywa dawa ya maji ili risasi zisiwadhuru, na Mdachi akisikia kijiji kina dawa hiyo, hakiachi na paa. Asubuhi moja akatufikia na askari wake, tukakusanywa uwanjani. Mjomba wangu, ndiye aliyekuwa jumbe wetu, akaninong'oneza, "Mpwa wangu, wewe si unajua Kizungu? Mwambie sisi hatumo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Mjomba, mimi najua majina tu." Lakini Tatu, bintiye, ambaye nilikuwa nimempelekea posa, alikuwa ametangulia kurudi mtoni, mtungi kichwani, ananitazama. Nikafunga vifungo vya koti, nikasogea mbele.

Sasa "sisi hatumo" utaisemaje kwa majina matupu? Nikaona nianze na tulivyo navyo, Mdachi ajue sisi ni wakulima na wafugaji wa haki. Nikamnyooshea mbuzi kidole, nikatangaza kwa sauti ya khatibu wa Ijumaa, "Goti!"

Wazee wote, wakidhani ndiyo amri, wakapiga magoti, mjomba akiwa wa kwanza.

Mdachi akakunja uso. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona tatizo ni aina ya jina, nikahamia kwenye yasiyohesabika. Wanawake wengine walikuwa wanarudi mtoni na mitungi kichwani, nikawaelekezea mikono yote miwili, "Woota! Woota!"

Lugha ya Mdachi na ya Mwingereza ni mbalimbali, lakini (bahati yangu hiyo) neno la maji linakaribiana. Mdachi akaruka kama aliyekanyaga siafu. Nami, kwa furaha ya kueleweka, nikatanua mikono kumwonyesha kuwa ni mengi, hayana hesabu! Kufumba na kufumbua askari wanavunja mitungi, mjomba amefungwa kamba mikono nyuma, na ule woga niliofundishwa kuwa haushikiki, ukanishika mimi barabara.

"Maji haya mmepewa na mganga gani?" Mdachi akauliza.

Kwa Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Uwanja mzima ukanigeukia.

Tatu akautua mtungi wake, ambao askari walikuwa hawajaufikia, akachota kwa kata, akanywa mbele ya Mdachi. "Bwana, ni maji ya kupikia wali."

"Na huyu?"

"Huyu mtoto wa shangazi. Jua likiwa kali humpanda kichwani."

Mdachi akanitazama na koti langu, juu hadi chini. "Ulikuwa unasema lugha gani wewe?"

"Kizungu, bwana."

"Cha nani?"

"Cha... Waingereza."

Askari walicheka hadi bunduki zikatikisika mikononi mwao. Mdachi akaamuru niunywe mtungi wa Tatu wote, kama ni maji ya wali kweli. Nikanywa, nikacheua, nikanywa. Ndipo wakamfungua mjomba, wakaswaga mbuzi wetu na kubeba mpunga wetu, wakaenda zao, wakaniacha nimekaa vumbini, tumbo limewambwa kama ngoma.

Mjomba akawa anasugua vifundo vya mikono. "Ungesema hujui," akaniambia taratibu, "ningeongea naye mwenyewe."

Posa? Msiniulize habari ya posa.

Tangu siku ile, akitokea Mzungu wa kabila lolote, mimi nashika jembe nainama shambani, na akiniuliza neno namjibu Kindengereko, lugha yetu ya nyumbani. Tena nakikosea makusudi, asije akadhani nakijua sana.