Bani la Bibi Recheli

Simu ya mjomba Festo ilinikuta kwa fundi Yahaya, Tabora mjini, nikisubiri cherehani yangu. "Mama ametutoka alfajiri," alisema. Fundi aliweka bisibisi chini. "Pole, mwanangu. Kaa kwanza." Nilikaa, nikamshukuru Mungu aliyetuachia bibi kwa miaka themanini na mitatu.

Bibi Recheli alilima tumbaku huko kwetu, upande wa Goweko. Zamani watoto wa kitongoji walitembea saa mbili kwenda shule. Yeye na babu wakatoa bani lao, banda la matope la kukaushia tumbaku, liwe darasa. Watoto walirudi nyumbani wakinuka tumbaku kama wazee. Ofisa alipokuja kuandikisha shule akawauliza, "Hapa panaitwaje?" Wakajibu pamoja, "Bani." Akaandika hivyo, na jina likabaki. Baadaye bibi na babu wakaongeza ekari nne, wakapanda minyaa mpakani.

Karatasi haikuwepo. Babu alishafariki wakati halmashauri ilipotaka kujenga madarasa mapya, mwaka juzi, ikahitaji maandishi. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama Amon, mdogo wake babu.

"Shamba hili ni la marehemu kaka yangu. Shule iliazimwa tu."

"Amon, nilichokuazima wewe ni jembe, na mpaka leo hujalirudisha," bibi alisema. Watu wakacheka. "Shamba tulitoa. Tulilifyeka wawili, tukalitoa wawili."

"Na wewe tutakuzika wapi, shemeji? Kwenye uwanja wa mpira?"

"Makaburi ya kanisa yapo. Mtanibeba."

Mwenyekiti alimpelekea hati ya kutoa shamba na kidau cha wino aweke dole gumba. Bibi akaomba kalamu. Aliandika jina lake lote, polepole, kwa herufi kubwa alizojifunza kwenye masomo ya watu wazima, humo humo banini.

Alhamisi tulimbeba. Njia ya makaburini inapita shuleni, na wanafunzi walisimama kando ya minyaa wakaimba mpaka jeneza likapita. Kaburini mchungaji aliomba, tarumbeta za kanisa zikapigwa. Wakati wa kufukia, Amon alikuja na jembe begani. Lilikuwa lile la bibi. Alifukia nalo mpaka mwisho, kisha akamkabidhi mjomba Festo. Tuliweka msalaba na maua, tukasema Baba Yetu, tukarudi nyumbani.