Meno ya Mwonja Chai

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, jua halikuonekana hadi saa tisa.

Alasiri hiyo Mzee Kijiko, mwenye miaka hamsini na tisa, alikaa kwenye kiti cha daktari wa meno kwa mara ya kwanza maishani. Jina hilo alipewa na wenzake wa kiwandani, ambako ameonja chai kwa miaka thelathini na moja. Kila asubuhi husimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe, akachota kwa kijiko, akavuta kwa kishindo hadi chai irukie kaakaa, akatema, akasogelea kikombe kinachofuata. Chai huitema, lakini rangi hubaki.

Rangi hiyo hakuwahi kuizungumzia. Mke wake alipofariki mwaka jana, watoto walitafuta picha za wazazi wao wakiwa pamoja, wakapata nne. Katika zote mama anacheka, na baba amefumba mdomo kama shahidi aliyekataa kusema. Binti wa mwisho alikuwa amepata kazi ng'ambo, safari ni Jumamosi. Alimwomba baba yake kitu kimoja tu: picha akitabasamu, aende nayo.

Mzee aliahidi. Kisha, bila kumshirikisha mtu, akaanza kujitibu. Vikombe vya kuonjea husuguliwa kwa magadi na ndimu kila Ijumaa, vikatoka kama vipya, naye akaona meno hayana tofauti. Alisugua asubuhi na jioni kwa wiki tatu, kwa mswaki mgumu kuliko yote dukani.

Meno yalibadilika kidogo. Ila chai ya moto ikaanza kumchoma hadi sikioni. Nayo chai huonjwa ingali moto, maana ikipoa, harufu ya moshi na ya kuungua hujificha. Mzee akawa anaacha vikombe vipoe. Msaidizi wake, mwanamke waliyezoea kumwita Mama Pacha, alivumilia wiki nzima, kisha akamuuliza kama siku hizi kiwanda kinatengeneza juisi. Alipoona hacheki, akamwambia aende kwa daktari.

Daktari alimshikisha kioo, akamweleza taratibu. Madoa ya juu ni ya chai, na hayo yangekwanguliwa siku hiyohiyo. Lakini jino nalo huzeeka: gamba lake gumu la nje hukonda miaka inavyokwenda, na umanjano wa ndani ukaanza kuonekana. Huo si uchafu, wala hausuguliki. Dawa ya kung'arisha ipo, ila haiwekwi kwenye meno yaliyochubuliwa kama yake.

"Hilo gamba litarudi?" mzee aliuliza.

"Halirudi, mzee wangu. Tutalinda lililobaki."

Mzee akaomba asafishwe tu. Alitoka na mswaki laini na dawa ya kutuliza maumivu. Madoa ya kahawia yalikuwa yamekwisha, umanjano ukabaki palepale.

Jioni alimkuta binti yake akikunja nguo, akamwambia ahadi imemshinda. Binti alitaka kujua imemshindaje. Mzee akaeleza yote, ya ndimu na ya magadi, macho yakiwa kwenye sanduku.

"Baba, umejisugua kama kikombe?"

"Nilitaka uende na kitu kizuri, mwanangu."

Binti aliketi kitandani. "Mama aliishi na hayo meno miaka thelathini. Ulikuwa unamficha nani?"

Mzee alibaki amesimama, kofia mkononi, hata binti alipochukua simu na kumwomba asogee karibu na dirisha. Picha tano za kwanza zilikuwa kama zile za zamani. Ya sita si tabasamu hasa: midomo imeachana, meno yanaonekana, jicho moja limelowa. Binti aliitazama kwa muda mrefu, akasema hiyo inatosha, akarudi kwenye nguo zake.

Asubuhi iliyofuata mzee alifika kiwandani kabla ya kengele. Alimwambia meneja kwamba kwa siku tisa ameonja chai iliyopoa, akaomba sampuli zote za siku hizo zitolewe ghalani zionjwe upya. Maji yalipochemka, alimpisha Mama Pacha mbele ya vikombe. Yeye akashika daftari, akawa anaandika anachoambiwa.