Wimbo Aliokamulia Ng'ombe

Mume wangu alifariki Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, siku mbili kabla ya mazishi, niligundua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akimlaani binti yetu wa pekee.

Sitii chumvi. Nilisoma mwenyewe. Niliingia darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma, Jumanne moja, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na mume wangu ndiye aliyenibebea daftari kutoka hapa Manga hadi mlangoni, majirani wakitucheka.

Alikuwa mwimbaji wa opera, yaani tamthilia ambayo watu huiimba yote badala ya kuisema. Alianzia kwaya ya kanisa, akafunzwa ng'ambo, kisha akaimba huko na Nairobi kwa miaka ishirini na sita. Sauti yake ilikuwa baritoni, ile ya kati ya wanaume. "Nafasi za wachumba hupewa wenye sauti nyembamba," aliniambia. "Mimi huwa baba. Kila opera lazima nimgombeze mtu." Sikuelewa hata neno moja la Kiitaliano alichoimbia, lakini nilikaa kiti cha mbele na kitambaa changu kipya cha kichwa, nikijivuna.

Wimbo mmoja aliupenda kuliko zote. Alipokuwa nyumbani, aliufanyia mazoezi asubuhi akikamua ng'ombe, binti yetu amesimama kando na kikombe akingoja maziwa. Alipomaliza, alilowesha kidole kwa mate akampaka mtoto kwenye paji la uso.

"Baba, huo ni uchafu!" nilimkemea mume wangu.

"Ni uso wa nani," alijibu, "wa mtoto au wako?"

Basi Alhamisi ile, saa tisa alasiri, nikitafuta suti ya kumzika nayo, nilifungua kitabu chake cha nota. Chini ya kila mstari wa wimbo ule alikuwa ameandika Kiswahili kwa penseli. Katika opera hiyo binti ameolewa bila idhini. Baba yake anamwambia: tumbo lako lisishike mimba, na likishika, lisizae. Nilisoma mara tatu, kidole chini ya kila neno kama nilivyofundishwa. Niliketi juu ya suti yenyewe.

Kwetu neno la mzazi halichezewi. Likishatamkwa, huondolewa na kinywa kilekile kilicholitamka, na kinywa hicho kilikuwa kimefungwa. Binti yetu, aliyeolewa Nyacheki, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika.

Sikumwambia mtu. Jumamosi waimbaji wenzake walifika kutoka Nairobi na spika. Kiongozi wao aliniinamia. "Mama, kabla ya kumshusha tutamsikia mwenyewe. Tumechagua wimbo uliompa jina."

Kabla sijajibu, sauti ya marehemu ilijaa hema kwa wimbo uleule. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na jeneza, mkono tumboni. Niliruka, mimi mjane niliyepaswa kushikwa mikono, nikang'oa waya.

Kaka wa marehemu akasema, "Shemeji, hata leo unamnyamazisha?" Wengine waliguna, wengine wakacheka.

Binti alinijia kwa hasira. "Mama, huo ni wimbo wa maziwa! Umefanya nini?"

Nilimvuta hadi nyuma ya migomba nikamwambia yote niliyosoma. Nilitarajia aanguke.

"Najua," alisema. "Baba aliniambia nikiwa darasa la sita."

"Na ukaendelea kusimama pale?"

"Mama, yale mate ulidhani ni ya nini? Alisema maneno ni ya mtu wa jukwaani, lakini kinywa ni chake, kwa hiyo hawezi kuniacha niende shule kabla hajayafuta. Hata akiwa Nairobi, alikuwa akitoka jukwaani ananipigia simu: 'Nimekutemea mate, lala.'"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeipigia laana makofi na kuikemea baraka.

"Na leo," niliuliza, "nani atayafuta?"

Hilo hakuwa amelifikiria.

Nilirudi hemani, nikachomeka waya mwenyewe, nikamshika binti yangu mkono hadi sauti ya mwisho ilipokwisha. Kinywa cha mzazi kilichobaki kilikuwa changu; ndipo mbele ya mchungaji, wakwe zake na waimbaji wa Nairobi, nikalowesha kidole kwa mate nikampaka kwenye paji la uso.

"Mama, watu wanatazama," alinong'ona.

"Ni uso wa nani, wako au wao?"

Mjukuu wangu alizaliwa Jumatano, wiki ya tisa baada ya mazishi. Kila asubuhi mama yake humpaka mate usoni, nami sisemi kitu.