Msichana wa Kazi wa Cucu

Jumamosi moja kabla ya uchaguzi, baba alikuwa nje ya nyumba yetu ya kupanga Ruiru, akifua ovaroli yake ya kiwandani. Majirani walimcheka. "Baba Atieno, kwani bibi amekutoroka?" Aliwajibu kwa Kikuyu chake kibovu, wakacheka zaidi, naye akacheka nao.

Atieno ni mimi. Baba alikuwa Mjaluo. Mama, Mkikuyu, alitupa majina kwa desturi ya kwao: binti wa kwanza jina la mama ya baba, wa pili jina la mama yake mwenyewe. Kwa hivyo mdogo wangu ni Wanjiru.

Matokeo yalipotangazwa, wapangaji Wajaluo wakaanza kufukuzwa. Cucu, nyanya yetu mzaa mama, akaja kutuchukua sisi wasichana twende kwake Gatuanyaga. Baba alibaki kulinda nyumba. Mama alikataa kumwacha.

Karibu na kwa Cucu, vijana walikuwa wamefunga barabara kwa mawe.

Walikuwa na panga.

Mmoja wao alikuwa jirani wa Cucu. Akamtazama Wanjiru. "Na huyu ni nani, Cucu?"

"Huyu ni mimi. Si anaitwa Wanjiru?" Kwao, mtoto anayebeba jina lako ni wewe mwenyewe.

"Na huyu mweusi?"

Cucu hakunitazama.

"Huyo ni msichana wa kazi. Mkamba."

"Ai, Cucu! Siku hizi umekuwa tajiri!"

Wakasogeza mawe.

Uongo ule ulitufuata nyumbani, kwa kuwa kijana yule alipita pale kila siku. Cucu hakuwa amewahi kuwaambia majirani binti yake ameolewa na nani. Nikawa nalala jikoni na kuchota maji. Wanjiru, aliyekuwa bado mdogo sana, alifundishwa kuniita Mwende, jina la Kikamba.

Mchana mmoja mama akafika, peke yake. Aliketi chini uani. Wanawake walipokuja, Cucu akawaambia mkwe wake amekufa kwa ajali kiwandani.

Nilijua haikuwa ajali.

Walimkumbatia mama. Wakambeba Wanjiru kwa zamu. "Maskini, mtoto amebaki bila baba."

Mmoja akanigeukia. "Wewe, unasimama hapo kutazama nini? Weka chai."

Nikamtazama mama. Akainamisha macho.

Nikaweka chai.

Baba alizikwa kwao bila sisi, kwa sababu barabara za kwenda huko zilikuwa hazipitiki.

Nimemaliza chuo sasa. Kule, wanafunzi Wajaluo walifurahia jina langu hadi wakagundua siijui lugha. Wakikuyu waliponisikia nikiongea lugha yao vizuri, waliuliza nimejifunzia wapi. Nilizoea kujibu, "Ruiru," na kunyamaza.

Cucu aliniokoa, hilo silikani. Lakini nalirudia jibu lake la pale kwenye mawe kila mara, nikilipima. Je, lilitoka kwa hofu? Mbona lilitoka haraka hivyo? Labda hofu hutoka haraka. Labda lilikuwa tayari kinywani miaka mingi, likingoja wa kuuliza. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Wanjiru hupenda kusimulia siku tuliyomlilia baba, jinsi alivyobebwa, jinsi wanawake walivyoimba. Majuzi nilimwambia kwamba mimi sikulia siku hiyo.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani wewe ulikuwa wapi?"