Mobileti Yangu Isiyo na Mlio

Naona aibu kusimulia kisa hiki, hasa kwa ajili ya Papa Kasongo, mlinzi wa kanisa letu hapa Likasi.

Mobileti yangu, pikipiki ndogo, ilikufa injini. Mimi fundi umeme nikaona niigeuze itumie umeme. Nilifunga mota ya mtumba, lakini betri mpya zilinishinda bei. Pasta akanionea huruma.

"Papa Ilunga, batri za zamani ziko kunyuma ya kanisa. Kamata, hatuna nazo tena kazi."

Nilikuta mbili zimevimba na kuota kutu, na mbili zinang'aa. Nilijiambia Pasta hawezi kunipa takataka. Nikabeba zinazong'aa.

Jumapili nilifika kanisani bila mlio wowote, nikamwonyesha Papa Kasongo mobileti yangu mlangoni, nikaingia kwa maringo. Spika zilikuwa kimya. Muda si mrefu, Pasta akamwita mzee yule mbele yetu.

"Mwivi alibeba batri za mupya za spika. Papa Kasongo njo alikuwa analinda. Tutamufukuza ku kazi."

"Miye siyaona muntu, Papa Pasta," mzee alisema huku akilia.

Tukaombea mwizi akamatwe. Hata hapo sikushtuka. Nilipaza sauti kuliko wote, mikono juu: "Bwana, mufunue leo!"

Mama mmoja wa kwaya akaingia kutoka nje.

"Papa Pasta, batri za kanisa ziko huku inje, ku mobileti. Jina yetu iko juu yake."

"Mobileti ya nani?"

Papa Kasongo alinitazama.

Nilishusha mikono.

"Ni yangu," nikasema.