Zamu ya Zuberi kwenye Kisiwa cha Muchanga

Mwanvua wa Nyangwe alikuwa muke wa maneno machache tangu zamani, na baada ya vita hata yale machache yakaisha. Mumewe Zuberi, muvuvi, aliandikwa na Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, mwaka wa 1916 kubeba mizigo ya askari mupaka Tabora. Pale Kasongo walipopangwa mustari, Mwanvua alimuona na sanduku la risasi kichwani, akitazama miguu ya mutu wa mbele yake. Hakugeuka. Wapagazi wengine walirudi mwaka uliofuata, wengine mwaka wa pili yake, wengine walirudi halafu mafua yakawachukua. Mumoja alisema alimuona Zuberi kule Ujiji. Mwingine akasema hapana, yule alikuwa mutu wa Kabambare mwenye kovu kama lake.

Mwanvua hakulia. Alilowesha muhogo, akaanika, akatwanga. Watu wakimupa pole aliitika "ndiyo", na mazungumzo yakaishia pale. Mwisho watu wakachoka na ile ndiyo yake, wakawa wakimupita njiani kama mutu anayepita nyumba iliyofungwa.

Mwaka wa 1920, kiangazi kilipoanza, shemeji yake Amisi, mudogo wa Zuberi, alikuja na mwalimu wa chuo cha Kurani, wakaketi barazani.

"Miaka minne imetimia, mama," mwalimu alisema taratibu. "Sheria inakuruhusu. Uingie eda, miezi minne na siku kumi, halafu uko huru."

"Hatukufukuzi, shemeji," Amisi akasema. "Lakini mutu hawezi kuwa muke wa upepo."

"Mimi ni muke wa Zuberi."

"Zuberi iko wapi?"

Mwanvua alitazama kamba iliyotundikwa juu ya mulango. "Iko na zamu yake kwenye muto," alisema. "Mutu mwenye zamu hajafa."

Hapo Amisi alikuwa amekamatwa.

Kila kiangazi, Lualaba ikipungua, mbele ya Nyangwe hutokea kisiwa cha muchanga mutupu, bila jani, bila jiwe. Hapo hutaga ndege weusi mugongoni na weupe tumboni, wenye mudomo mwekundu, ule wa chini murefu kupita wa juu. Hawajengi kitu. Wanakuna kishimo kwa tumbo, wanataga. Wavuvi huwaita wakata-maji, kwa sababu huruka chini kabisa wakipasua maji kwa ule mudomo, na wanapopasua jioni ndipo samaki wadogo walipo, ndipo wavu hutupwa. Zamani walikuwa hawahesabiki. Lakini posti ya serikali ilipoanza kudai mayai kila juma, mutu asiye na kuku alijua pa kuyaokota, na mitumbwi ya wapita njia ikaokota yaliyobaki. Mwaka mumoja wavuvi wakahesabu ndege arobaini tu.

Ndipo nyumba nne zikashika zamu ya kulinda kisiwa, kila nyumba siku yake: Muzee Alimasi aliye mukubwa wa wavuvi, Hippolyte wa misioni mwenye mudomo usiotulia, Amisi, na Zuberi. Hakuna aliyewalipa, hakuna aliyewalazimisha, na katika miaka ile kazi isiyo ya lazima ilikuwa ajabu. Mwisho wa kiangazi kila mulinzi alifunga fundo kwenye kamba yake kwa kila kinda aliyeona akiruka. Kamba ya Zuberi ilikuwa na mafundo ishirini na saba. Zamu ilikuwa ya mutu, haikuhama mupaka afe. Tangu 1916 Amisi alilinda siku yake na siku ya kaka yake, na siku ile watu waliendelea kuiita siku ya Zuberi.

"Kesho kutwa ni siku yake," Mwanvua alisema. "Nitaenda mimi."

Muzee Alimasi alipoambiwa alikuna kidevu. "Aende," alisema. "Lakini zamu ni kazi. Ikiharibika mukononi mwake nitaiondoa, na hapo Zuberi atakuwa amekwisha kwetu. Mumuambie hivyo."

Wakamuambia hivyo. Lakini namna ya kulinda hakuna aliyemuambia. Kila mutu alidhani mwenzake amesema, na kwa kweli hakuna aliyependa kukaa kuzungumza na Mwanvua.

Siku ile alivuka peke yake alfajiri, ukungu ungali juu ya maji, kwa mutumbwi wa Zuberi. Akapanda muchangani na fimbo, akatafuta mahali pa kuketi. Vishimo vilikuwa pande zote, mayai rangi ya muchanga yenye madoadoa meusi. Aliketi katikati, karibu ya kutosha kuyagusa, kama mutu anavyoketi karibu na muhogo ulioanikwa ili mbuzi wasile. Ndege wakaruka wote, wakazunguka juu yake wakibweka kama mbwa wadogo. Aliona ni kawaida yao. Jua likapanda. Muchanga ukachoma miguu, akaifunika kwa kanga. Wale ndege walishuka majini, wakalowesha matumbo, wakarudi, wakamukuta bado iko pale, wakaruka tena. Mutumbwi mumoja ulipita, watu wakamuona, wakasogea mbali. Mwanvua akawaza kwamba kazi inaenda vizuri. Hakusimama mupaka jioni.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Hippolyte. Alirudi mapema, mayai matatu ndani ya kofia. Wavuvi walikuwa pwani ya muto wakishona nyavu, Mwanvua akilowesha muhogo hatua chache kutoka kwao. Hippolyte alipasua yai moja juu ya jiwe. Ndani kulikuwa na kinda mwenye mudomo tayari, macho yamefungwa, amekufa. La pili vilevile.

"Vishimo thelathini na kimoja," alisema. "Ndege wamerudi kwenye kumi na saba. Hivyo kumi na vinne vingine hawaviangalii tena." Halafu, kwa kuwa mudomo wake haukujua kusubiri: "Mama Mwanvua, umetupikia mayai bila sufuria!"

Kijana mumoja akacheka. Wengine hawakucheka, na Hippolyte mwenyewe akatazama chini.

Mwanvua alisogea, akamutazama yule kinda juu ya jiwe. Alingoja kusikia kitu ndani yake, uchungu au haya. Hakusikia. Ilikuwa kama kutazama muguu uliokufa ganzi na kujua ni wako.

"Nililinda," alisema. "Hakuna mutu aliyegusa."

"Uliketi wapi?" Muzee Alimasi akauliza.

"Katikati yao."

Wavuvi wakatazamana. Muzee Alimasi aliweka sindano ya wavu chini. "Hakuna aliyekuambia?"

"Hapana."

"Amisi?"

"Nilidhani kaka alimuambia zamani," Amisi alijibu.

"Kaka yako alikuambia wewe nini alipokwenda?" Mwanvua akauliza. Amisi akainamia wavu wake. Muzee akaokota tena sindano.

"Kosa ni letu nusu," alisema mwisho. "Ataendelea. Lakini kosa husamehewa mara moja tu. Hippolyte, wewe mwenye maneno mengi, leo yatumie kwa kazi."

Basi Hippolyte akamupeleka kwenye mawe ya ukingoni, mbali na kisiwa, mahali Zuberi alipokuwa akiketi. Jiwe lilikuwa na sehemu laini.

"Hapa," alisema. "Hapa unaona pande zote na wao hawakuogopi. Ukiona mutumbwi unakaribia kisiwa, piga debe hili upige na makelele. Ukiona kenge asubuhi au jioni, vuka umufukuze. Lakini jua likiwa kichwani, mama, usikanyage muchanga ule hata ukiona nini. Yai halingoji. Wanalowesha matumbo wanakuja kulipoza, kila mara, kila mara. Ukiwarusha wote saa ile, yote yanakufa."

"Hata nikiona kenge?"

"Hata kenge. Atakula kishimo, viwili. Wewe utaua vyote." Akamuwekea debe mukononi. "Lile neno la sufuria, nisamehe."

"Ndiyo," Mwanvua alisema.

Zamu iliyofuata aliketi juu ya lile jiwe, debe magotini. Asubuhi ilipita bila kitu. Saa sita, jua likiwa juu kabisa, kenge alitoka majini. Alikuwa mukubwa, mukia kama kasia. Alipanda muchangani bila haraka akaenda kwenye kishimo cha pembeni. Ndege wawili wakamurukia wakibweka. Wengine wakabaki wameketi, matumbo yakidondosha maji.

Mwanvua alisimama. Mutumbwi ulikuwa miguuni pake. Angevuka kabla kenge hajamaliza yai la kwanza.

Alimuona akiinua kichwa na kumeza. Alimuona akienda kwenye kishimo cha pili. Wale ndege wawili waliendelea kumurukia, halafu wakaacha. Wakashuka majini, wakakata maji mara moja, wakarudi wakaketi kando ya kile kishimo kitupu, mara hapa, mara pale. Mwanvua alihesabu waliobaki juu ya vishimo. Kumi na tano. Akaketi tena. Alikuwa ameshika debe kwa nguvu hata vidole vikakataa kufunguka, akavifungua kimoja kimoja kwa mukono wa pili.

Akalinda hivyo mupaka mwezi wa tisa, kila siku ya nne. Makinda yalitoka rangi ya muchanga, yakilala chini usiyaone, na baadaye yakaanza kukimbia yakipiga mabawa. Siku yake ya mwisho, jioni, aliona kumi na tisa wakiruka juu ya maji nyuma ya wazazi wao, wengine wakigonga maji vibaya na kupinduka. Alifunga mafundo kumi na tisa baada ya yale ishirini na saba. Halafu akaenda kwa Amisi, akaweka kamba mukononi mwake.

"Mafundo yako uyaanzie hapa," alisema.

Amisi alitazama kamba. "Shemeji, hakuna aliyekuondoa. Muzee mwenyewe amesema ulilinda vizuri."

"Nimesikia."

"Sasa Zuberi?"

"Zuberi amekufa," Mwanvua alisema. "Nilimuketia miaka minne, kama yale mayai. Mwite mwalimu."

Aliingia eda siku ile ile. Muke wa Amisi alimuletea maji na unga, akamukuta ameketi akichambua muchele, akamuuliza kama anataka kulia, amushike. Mwanvua akasema bado.

Mwanaume wa nje haingii kwa muke wa eda. Lakini siku ya tatu, jua likishuka, Hippolyte alisimama njiani, ng'ambo ya ua, akapaza sauti kama anaita mutu wa upande wa pili wa muto.

"Mama Mwanvua! Leo wanakata chini ya mawe yako! Tumehesabu hamsini na tisa!"

Ndani mikono ilisimama juu ya ungo.

"Ndiyo," alijibu, na safari hii kwa sauti ya kusikika njiani. Halafu akaendelea kuchambua.

Tangu siku ile Hippolyte hakuacha kupita na kuita hesabu, mupaka mvua zikaja na kisiwa kikazama.